Jeshi la Wanamaji Lisilojua Kukataa

Mwaka 2003 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilifunga kozi ya miezi kadhaa iliyokuwa ikiwafundisha maofisa wapya wa manowari kazi ya kuongoza meli, na badala ya darasa na mwalimu likawapa sidii. Ofisa kijana aliyetoka tu chuoni alikabidhiwa furushi la sidii hizo, akapanda melini, na huko akatakiwa ajisomee mwenyewe kati ya zamu moja na nyingine, chini ya uangalizi wa wakubwa ambao nao hawakuwa na nafasi ya kukaa naye. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupunguza gharama na kumfikisha ofisa melini mapema. Miaka iliyofuata mafunzo ya darasani yalirejeshwa hatua kwa hatua, lakini waliopita katika kipindi kile hawakurudishwa shuleni. Waliendelea kupanda vyeo, na kufikia 2017 wengi wao ndio walioshika madaraka ya kati na ya juu katika meli ambazo ndani yake walikuwa wamejifunza kwa kubahatisha.

Nimeanza na sidii hizo kwa sababu zinaonyesha waziwazi jambo ambalo nimeliona katika ripoti moja baada ya nyingine kuhusu jeshi hili, lenye bajeti kubwa kuliko jeshi lolote la wanamaji duniani. Kwa kawaida ukosefu wa fedha hujadiliwa peke yake, upungufu wa mabaharia peke yake, na udhaifu wa uongozi peke yake, kana kwamba ni maradhi matatu yanayotibiwa na madaktari watatu wasiofahamiana. Mimi nayaona kuwa jambo moja. Fedha zinapopungua au zinapochelewa, hakuna kiongozi anayesimama na kusema kazi nayo ipunguzwe. Kazi inabaki ileile, na pengo linazibwa kwa saa za usingizi za baharia, kwa mafunzo yaliyoahirishwa na kwa matengenezo yaliyosogezwa mwaka ujao. Hesabu za makao makuu zinaonekana kukaa sawa, ilhali ndani ya meli deni linaendelea kukua.

Deni hilo lilidaiwa mara mbili katika majira ya joto ya mwaka 2017. Usiku wa tarehe 17 Juni, muda mfupi baada ya kuondoka Yokosuka, manowari USS Fitzgerald iligongana na meli ya makontena ACX Crystal kusini mwa Japani. Maji yalivamia chumba cha kulala kilichokuwa chini ya mstari wa maji, ambamo mabaharia 35 walikuwa wamepumzika. 28 walitoka na 7 walikufa. Ofisa wa zamu hakuwa amemwita nahodha, ingawa maagizo ya kudumu ya meli yalimtaka amwite kila chombo kingine kinapokaribia kiasi hicho. Tarehe 21 Agosti, kabla ya mapambazuko, USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta Alnic MC karibu na Mlango wa Singapore, na mabaharia 10 wakapoteza maisha.

Ajali hii ya pili inastahili kutazamwa kwa karibu. Meli ilikuwa inaingia katika moja ya njia zenye msongamano mkubwa wa vyombo kuliko zote duniani, na maofisa wake walikuwa wamependekeza kikosi kamili cha kuongozea meli mahali pembamba kisimamishwe mapema. Nahodha aliamua kisubiri hadi saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa alitaka watu wake wapate usingizi zaidi. Basi walioshika zamu walikuwa wachache na wamechoka, na baadhi yao walikuwa wameazimwa kutoka manowari nyingine, USS Antietam, ambayo mitambo yake ya usukani haikufanana na ile waliyoikuta hapa. Nahodha alipomwona kijana wa usukani akihangaika kushika mwelekeo na mwendo kwa wakati mmoja, aliagiza kazi igawanywe, mmoja abaki na usukani na mwingine ashike mwendo wa injini. Katika meli yenye gurudumu la usukani na wenzo za chuma, agizo hilo ni la sekunde chache. Hapa ilibidi kugusa vioo vya kompyuta, na katika kugusa huko usukani wenyewe ukahamia kituo cha pili bila mtu yeyote kutambua.

Kijana akatoa taarifa kwamba meli haimtii. Amri ya kupunguza mwendo ikatolewa, lakini kwa kuwa udhibiti wa rafadha mbili za meli haukuwa umeunganishwa, moja ilipunguza kasi na nyingine ikaendelea kusukuma, na manowari ikapinda kushoto hadi mbele ya meli ya mafuta. Mkanganyiko wote ulidumu dakika tatu hivi. Miaka miwili baadaye jeshi lilitangaza kwamba litaondoa vidhibiti vya mwendo vya kugusa katika manowari za aina hiyo na kurudisha wenzo za mkono, baada ya mabaharia wenyewe kusema kuwa ndizo wanazozitaka.

Uamuzi wa nahodha wa kuwaacha watu walale ulikuwa na kosa ndani yake, nalo limeandikwa katika uchunguzi. Hata hivyo sioni namna ya kuutenganisha na hali iliyomfikisha hapo. Mtu hawezi kufikia mahali pa kuchagua kati ya zamu kamili na usingizi wa mabaharia wake isipokuwa wakubwa wake wameshamwondolea njia nyingine zote.

Namna njia hizo zilivyozibwa inafahamika, kwa kuwa Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, ambayo ni chombo cha ukaguzi cha Bunge la Marekani, ilikuwa imelipigia jambo hili kelele kabla ya ajali. Mwaka 1998 jeshi lilikuwa na meli 333, na mwaka 2015 lilikuwa na 271, lakini katika miaka yote hiyo idadi ya meli zilizokuwa kazini mbali na nyumbani ilibaki takriban 100. Maana yake kila meli iliyobaki ilibebeshwa sehemu ya kazi ya zile zilizoondoka. Wakati huohuo, tangu miaka ya mwanzo ya 2000, idadi ya mabaharia katika kila meli ilipunguzwa kwa jina la ufanisi. Utafiti wa jeshi lenyewe wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba baharia melini alikuwa kazini kwa wastani wa saa 108 kwa wiki, ilhali kiwango kilichopangwa kilikuwa saa 81. Wiki nzima ina saa 168. Ukitoa hizo 108, baharia anabakiwa na saa 60 kwa siku saba, na ndani yake alale, ale, afue, aoge na awaandikie wazazi wake.

Kwa manowari zenye makao yake Japani hali ilikuwa mbaya zaidi, maana hazikutengewa kipindi maalumu cha mafunzo kama wenzao walioko Marekani. Zilihesabiwa kuwa ziko tayari wakati wote. Hadi Juni 2017, asilimia 37 ya vyeti vya umahiri vya wafanyakazi wa manowari hizo vilikuwa vimepitwa na wakati. Havikuwa vimefichwa. Kulikuwa na utaratibu wa kuomba ruhusa ya muda, ombi likatumwa juu, likakubaliwa, na meli ikang'oa nanga. Kila sahihi katika mlolongo huo ilikuwa halali, na ndiyo sababu napata shida kumwelewa mtu anayesema ajali hizi zilitokana na uzembe wa watu wachache waliokuwa zamu usiku ule. Manahodha wa meli zote mbili walivuliwa ukamanda na kushtakiwa, na Makamu Admirali Joseph Aucoin, aliyeongoza Kundi la Saba la manowari, aliondolewa siku mbili baada ya ajali ya McCain. Waliopanga bajeti na idadi ya watu miaka kumi na mitano kabla walikuwa wamestaafu zamani.

Kuhusu fedha zenyewe, mtu anayesikia kuwa bajeti ni kubwa kiasi hicho ana haki ya kuuliza zinakwendaje na bado zisitoshe. Sehemu ya jibu ni namna zinavyotolewa. Mwaka wa fedha wa Marekani huanza tarehe 1 Oktoba, na ni nadra kukuta Bunge limekwisha kupitisha bajeti kamili siku hiyo. Hupitishwa azimio la muda la kuendelea kutumia fedha kwa kiwango cha mwaka uliopita, na chini ya azimio hilo mradi mpya hauruhusiwi kuanza. Karakana haiwezi kuajiri fundi wa kulehemu kwa ahadi ya wiki sita. Sheria ya Udhibiti wa Bajeti ya mwaka 2011 iliongeza machungu hayo, kwani mwaka 2013 ilileta makato ya jumla yasiyobagua kati ya matumizi ya lazima na yasiyo ya lazima. Nyambizi USS Miami, iliyochomwa moto na mfanyakazi wa karakana mwaka 2012, ilikuwa imepangiwa kutengenezwa. Makato yalipokuja mpango ukafutwa na nyambizi ikaondolewa kazini moja kwa moja.

Sehemu nyingine ni mahali pa kutengenezea. Serikali inamiliki karakana nne tu za meli zenye uwezo wa kushughulikia nyambizi na manowari za nyuklia, nazo ni Norfolk, Portsmouth, Puget Sound na Pearl Harbor. Changa kuliko zote ilianzishwa mwaka 1908, na kongwe kuliko zote mwaka 1767, kabla taifa lenyewe halijapata uhuru. Vyelezo vyake vingi, yaani mahali meli huwekwa nje ya maji ili itengenezwe, vilijengwa kwa ajili ya meli za vipimo vingine kabisa. Mpango wa kuzifufua ulitangazwa mwaka 2018 kwa makadirio ya dola bilioni 21 katika miaka 20, na gharama zimekwisha kupanda kupita makadirio hayo.

Nyambizi USS Boise inaeleza matokeo yake kuliko takwimu yoyote. Ilirudi kutoka safari yake ya mwisho ya kikazi mwaka 2015, ikawa imepangiwa matengenezo makubwa yaanze mwaka uliofuata. Karakana hazikuwa na nafasi. Mwaka 2017 muda wa kibali chake cha kuzama uliisha, kwa hiyo chombo kilichoundwa kuishi chini ya maji kikabaki kimefungwa gatini, kikiwa na mabaharia waliopangiwa kufanya kazi humo. Mkataba wa dola bilioni 1.2 wa kukitengeneza ulitiwa saini Februari 2024, na kazi ikatarajiwa kukamilika mwaka 2029. Fikiria kijana aliyejiunga akiwa na miaka 20 kwa nia ya kuwa baharia wa nyambizi, akapangiwa Boise. Vyeti vya ubaharia wa nyambizi hupatikana baharini. Ilibidi mabaharia wa Boise waazimwe kwenda nyambizi nyingine ili wajifunze kazi yao, na huko nako walikuwa wageni katika chombo kisicho chao, kama wale waliotoka Antietam.

Ujenzi wa meli mpya hauna habari njema zaidi, nami sitaukalia sana. Tathmini ya jeshi lenyewe iliyotolewa Aprili 2024 ilikiri kwamba nyambizi ya kwanza ya aina ya Columbia, itakayobeba makombora ya nyuklia, itachelewa kwa miezi 12 hadi 16, na manowari ya kwanza ya aina ya Constellation kwa takriban miaka mitatu. Hiyo Constellation ilichaguliwa kwa hoja kwamba inatokana na muundo wa Ulaya uliokwisha kujaribiwa, ambao ungebaki vilevile kwa asilimia 85 hivi. Jeshi lilibadilisha hiki na kile mpaka ufanano ukashuka hadi karibu asilimia 15, na ujenzi ukaanza Agosti 2022 kabla michoro haijakamilika. Novemba 2025 Waziri wa Jeshi la Wanamaji, John Phelan, alitangaza kwamba mpango unasitishwa na zitakamilishwa meli mbili za mwanzo tu. Kabla yake kulikuwa na meli za kivita za mwambao, ambazo mojawapo, USS Sioux City, ilistaafishwa mwaka 2023 ikiwa haijatimiza hata miaka mitano kazini. Katika mipango yote miwili walikuwapo watu waliojua mapema kuwa mambo hayaendi, na katika yote miwili ilikuwa rahisi zaidi kuendelea kuliko kusimama.

Nirudi kwa watu. Katika mwaka wa fedha wa 2023 jeshi lilitaka mabaharia wapya 37,700 na likapata zaidi kidogo ya 30,200. Likapandisha umri wa juu wa kujiunga hadi miaka 41, likafungua mlango kwa wasio na cheti cha sekondari, likaongeza wasajili, na mwaka 2024 likavuka lengo lake la 40,600. Mafanikio hayo ni ya kweli, na waliofanya kazi hiyo wanastahili pongezi. Lakini ukiangalia nafasi zilizo wazi melini, pengo kubwa halipo kwa anayefagia sitaha. Lipo kwa fundi mwenye uzoefu wa miaka minane au kumi, yule anayesikia sauti ya pampu na kujua ni beringi ipi inakufa. Septemba 2024 Ofisi ya Uwajibikaji iliripoti kwamba asilimia 63 ya manahodha wasaidizi iliowahoji walisema upungufu wa watu unawatatiza, kuanzia kwa kiasi hadi kupita kiasi, kukamilisha matengenezo wakiwa safarini. Novemba ya mwaka huohuo, kamandi inayosafirisha mafuta na shehena za jeshi ilitangaza mpango wa kuziweka kando meli 17 kwa kukosa mabaharia wa kuziendesha. Manowari yoyote ya kubeba ndege, hata iwe na injini ya nyuklia, hutegemea meli hizo kwa mafuta ya ndege, chakula na silaha.

Fundi wa namna hiyo huondoka kwa sababu ya maisha anayopewa, na hakuna mahali palipoonyesha maisha hayo kwa uchungu kama USS George Washington. Manowari hiyo iliingia karakana ya Newport News mwaka 2017 kwa ukarabati wa miaka minne, ikatoka Mei 2023. Mamia ya mabaharia vijana wasio na nyumba nje walilala ndani ya meli iliyokuwa ikikatwa na kuchomelewa mchana na usiku, penye kelele, moshi na vumbi, umeme na maji ya moto yakikatika, na walipotoka zamu iliwabidi wasafiri umbali mrefu hadi yalipoegeshwa magari yao. Wengi wao walikuwa hawajawahi kwenda baharini hata siku moja. Aprili 2022, mabaharia watatu wa meli hiyo walijiua ndani ya wiki moja. Baada ya hapo ndipo zaidi ya mabaharia 200 walipohamishiwa makazi mengine. Makazi hayo yalikuwapo siku zote, na kwangu hilo ndilo jambo zito kuliko yote niliyoyataja mpaka hapa. Kilichokosekana ni mtu mwenye cheo kuamua kwamba kumlaza binadamu katika karakana kwa miaka kadhaa hakukubaliki.

Julai 2020, USS Bonhomme Richard iliungua gatini San Diego kwa zaidi ya siku nne ikiwa katika matengenezo, na haikufaa tena kwa lolote isipokuwa vyuma chakavu. Baharia mmoja kijana alishtakiwa kuwa ndiye aliyewasha moto, na mahakama ya kijeshi ikamwachia huru mwaka 2022. Uchunguzi mkuu ulikuwa umekwisha kusema kwamba, hata aliyeuwasha awe nani, meli ilipotea kwa kushindwa kuuzima: asilimia 87 ya vituo vyake vya kuzimia moto vilikuwa vibovu au havijakaguliwa, na kitufe cha kumwaga povu la kuzimia moto hakikubonyezwa mapema, kwa kuwa waliokuwapo hawakukijua vya kutosha. Mafunzo ya moto yalikuwa yakifanyika na yakishindikana mara kwa mara, na waliosimamia walipokea matokeo hayo kama jambo la kawaida.

Viongozi wa ngazi za juu wamekuwa na misukosuko yao. Mfanyabiashara Leonard Francis, aliyekamatwa mwaka 2013, aliwahonga maofisa wengi kwa fedha, anasa na wanawake ili manowari zielekezwe katika bandari alikotoza bei za kutisha, na uchunguzi huo uliwaweka maadmirali wengi katika mashaka kwa miaka, wakiwamo wasio na hatia, huku upandishaji vyeo ukikwama. Mwaka 2020 Kapteni Brett Crozier wa USS Theodore Roosevelt aliandika barua kuomba mabaharia wake watolewe melini kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Barua ilivuja, naye akavuliwa ukamanda tarehe 2 Aprili. Mabaharia walimsindikiza kwa kuliita jina lake alipokuwa akishuka ngazi huko Guam. Zaidi ya 1,000 kati yao waliambukizwa na mmoja akafariki. Kaimu waziri aliyemwondoa, Thomas Modly, alijiuzulu siku chache baadaye. Mwaka 2023 seneta mmoja alizuia uthibitisho wa mamia ya maofisa wa juu kwa miezi karibu kumi, hivyo Admirali Lisa Franchetti akashika kazi ya mkuu wa Jeshi la Wanamaji na ya msaidizi wake kwa pamoja hadi alipothibitishwa Novemba. Februari 2025 aliondolewa bila sababu kutolewa hadharani, na nafasi yake haikupata mkuu kamili hadi Agosti, alipoapishwa Admirali Daryl Caudle.

Miongoni mwa visa hivyo, kisa cha Crozier ndicho ninachokirudia mara nyingi. Watu wameshindana juu ya namna alivyoipeleka barua na orodha ya walioipokea, na zipo hoja nzuri pande zote. Lakini maofisa wengine elfu kadhaa waliokuwa wakitazama hawakujifunza kanuni za kutuma barua. Waliona nahodha aliyesema kuwa meli yake haiwezi kuendelea akipoteza kazi, na walikuwa wameona kwa miaka mingi kwamba aliyesema inawezekana, na meli ikaondoka ikiwa na vyeti vilivyopitwa na wakati, alipandishwa cheo mradi asigonge kitu.

Baada ya mwaka 2017 mengi yalirekebishwa, nami sitaki kuyapuuza. Mafunzo ya maofisa wapya yaliongezwa, miongozo ya usingizi na mpangilio wa zamu ikatolewa, na sheria ikazuia manowari kukaa na makao nje ya nchi kwa zaidi ya miaka 10 mfululizo. Ila shinikizo lenyewe halijaondoka. USS Dwight D. Eisenhower ilikaa takriban miezi tisa katika safari iliyoipeleka Bahari ya Shamu, kuanzia Oktoba 2023 hadi Julai 2024, muda wake ukiongezwa mara mbili, na kila mwezi wa nyongeza unasogeza zamu ya karakana, nayo inasukuma meli inayofuata katika foleni. Lengo la jeshi ni meli 381, ilhali zilizopo ni pungufu ya 300.

Kila mwaka viongozi wa jeshi hili huketi mbele ya kamati za Bunge na kuulizwa wanahitaji meli ngapi. Ningependa waulizwe pia, kwa meli moja moja iliyoondoka bandarini mwaka huo, nafasi ngapi zilikuwa wazi, vyeti vingapi vilikuwa vimepitwa na wakati na nani alitia sahihi ya kuiruhusu iende. Kisha waulizwe ni manahodha wangapi walioandika kwamba meli zao hazijawa tayari, na hao wako wapi sasa.